Mafuta ya Chipsi kwenye Lista ya Mjomba: Shajara ya Mradi, Aprili hadi Septemba 2024

6 Aprili 2024

Mashine ya kusaga ya mjomba iko kijijini, juu kidogo ya Soni, wilaya ya Lushoto. Ni Lista ya Kihindi, injini ya dizeli ya silinda moja, nguvu farasi 8, flaiwili mbili kubwa, na pipa la maji pembeni la kuipoza. Umeme umefika kijijini, lakini ni wa njia moja. Nguzo za njia tatu zimeishia barabarani, na bila njia tatu hakuna mota ya kuzungusha kinu kile. Kwa hiyo tunategemea dizeli, na dizeli sasa imepita shilingi 3,000 kwa lita. Mashine inakula karibu lita 1.8 kwa saa. Mjomba hataki kupandisha bei ya kusaga kwa sababu anawajua wanaokuja. Wiki hii nimeona mama mmoja ameleta sado mbili badala ya debe, akasema nyingine atasaga akipata hela.

Wazo langu, kuendesha Lista kwa mafuta ya chipsi yaliyotumika, limetoka Mombo. Pale ndipo barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na mabasi husimama abiria wale. Kuna vibanda vya chipsi mstari mzima, na mwezi huu wa Ramadhani jioni kunaongezeka sambusa, kachori na mihogo ya kukaanga. Mafuta yakishakuwa meusi yanamwagwa, au yanauzwa kwa watengeneza sabuni, au yanauzwa kwa mtu mwingine akakaangie tena. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu mafuta ya namna hiyo yameshachoka na hayafai kuingia tumboni mwa mtu.

Nimenunua madumu matatu ya lita 20 ya mafuta hayo, shilingi 15,000 kila moja. Yamepanda mlima juu ya Fuso ya mboga. Fuso hizi hushuka na kabichi na karoti za Lushoto kwenda Dar, zikirudi hazina mzigo. Dereva ametaka 1,000 kwa dumu.

Mjomba aliniuliza kwa nini nisitumie oili chafu, maana gereji zinaigawa karibu na bure. Nimemweleza kwamba oili ya injini ina dawa za kiwandani zenye zinki na kalsiamu. Hizo haziungui zikaisha, zinabaki majivu ndani ya silinda, achilia mbali unga wa chuma uliosagika humo. Mafuta ya kupikia yanaungua na kwisha. Nikamwambia pia kwamba Rudolf Diesel mwenyewe aliandika kuwa kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kulikuwa na injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ilifanya kazi vizuri hivi kwamba watu wachache tu ndio waliogundua. Mjomba akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mpwa wangu. Lakini ukiua pampu yangu, utainunua wewe."

14 Aprili

Nimechuja. Chujio la kwanza ni la chai, la kutoa vipande vya viazi. La pili ni mguu wa suruali ya jinzi ya mtumba, nimeufunga fundo chini na kuuning'iniza juu ya ndoo. Mafuta yanapita tone kwa tone. Dumu moja limechukua usiku mzima na nusu ya asubuhi. Yaliyotoka yana rangi ya asali, yanang'aa. Nilidhani nimemaliza.

Nikamwonyesha bibi. Hakutazama rangi hata kidogo. Alichukua kijiko, akamimina kwenye kikaango kilichokuwa jikoni, na mafuta yakaanza kulia, chwa-chwa-chwa, yakiruka.

"Mume wangu, haya yana maji," akasema. "Mafuta makavu hayapigi kelele."

Kila mpishi analijua hilo, ila mimi sikulifikiria, nilikuwa nimeshika habari ya uchafu tu. Viazi vinatoa maji, na maji hayo hayaondoki yote kwa kukaanga. Mengine yanabaki yamechanganyika kwa matone madogo yasiyoonekana. Kwenye injini ni balaa. Plunja, yaani pistoni ndogo ya pampu ya dizeli, na sindano ya nozeli, inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zimesuguliwa zikakaana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Maji yakiingia hapo yanaleta kutu, na kutu inakwangua. Jinzi haizuii maji.

Kuanzia leo kipimo changu ni kikaango cha bibi. Kijiko kimoja, moto wa wastani, na sikio.

27 Aprili

Leo nimefanya kosa lililokaribia kuwa kubwa, na ninaliandika lote ili mwingine asilirudie.

Niliona njia ya haraka ni kuchemsha maji yatoke. Nikakata pipa nusu, nikalipandisha kwenye mafiga nyuma ya kibanda cha mashine, nikamimina madumu mawili, nikawasha kuni. Nyuzi 60, 70, 80, kimya. Karibu na 100 povu likaanza pembeni. Nilichosahau ni kwamba maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yalikuwa yamelala chini kabisa, karibu na moto, na mafuta yameyafunika kama kifuniko. Yalipogeuka mvuke yaligeuka kwa pamoja. Pipa lilitikisika, povu likapanda kama maziwa yanayofura, likamwagika kwenye kuni. Moto ukaruka juu ya kichwa changu.

Kijana wa mashine alikuwa tayari ameshika ndoo ya maji. Nilimpigia kelele aiache. Maji juu ya mafuta yanayowaka yangelipuka na kuturushia moto wote wawili. Tulimwaga mchanga wa ujenzi uliokuwa pale, karai baada ya karai, mpaka ukazima. Nimeungua mkono wa kushoto, si sana. Ukuta wa mbao umeshika weusi.

Mjomba hakunigombeza. Aliutazama ukuta, akautazama mkono wangu, akasema mashine ina miaka mingi na kibanda kinajengeka, lakini mtu hajengeki. Sitachemsha tena mafuta kwa moto wa kuni.

5 Mei

Nimewaza wiki nzima. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, na maji yanashuka yenyewe polepole. Hayahitaji kufika nyuzi 100, yanahitaji uvuguvugu wa muda mrefu na utulivu. Huku Soni uvuguvugu huo hatuna, asubuhi tunavaa sweta. Mombo iko kilomita 16 hivi chini yetu, kwenye bonde, na jua lake linajulikana.

Basi kazi imehamia Mombo. Dada mmoja muuza chipsi, ambaye ndiye anayetuuzia mafuta mengi zaidi, amenikubalia uga wa nyuma ya nyumba yake. Nimeweka mapipa mawili ya lita 200, nimeyapaka rangi nyeusi, nimeyainua juu ya matofali. Kila pipa lina koki mbili, moja chini kabisa ya kutolea maji na mashapo, nyingine upana wa viganja viwili juu yake ya kutolea mafuta safi. Mafuta hayachotwi wala hayatikiswi. Nimefunga mifuniko kwa plastiki mvua isiingie, maana masika hayajaisha.

Saa nane mchana, jua likiwa kali, kipimajoto ndani ya pipa kimesoma nyuzi 47. Hakuna kuni wala moto, na hakuna mtu wa kukesha.

19 Mei

Wiki mbili zimetimia. Nimefungua koki ya chini kwanza. Yametoka maji ya kahawia yenye harufu ya siki, halafu ute mzito kama uji wa ulezi, halafu mafuta machafu. Nimeacha yatiririke mpaka rangi ikabadilika. Kisha koki ya juu. Hayo nimeyapitisha kwenye jinzi na baadaye kwenye filta ya dizeli ya lori, na safari hii yalipita kwa saa mbili tu kwa sababu yalikuwa ya moto ya jua na uchafu ulishatua.

Kutoka kila dumu la 20 napata kati ya 16 na 17. Mashapo anachukua mama mmoja mtengeneza sabuni, kwake hayana shida.

Nimepanda mlima na mafuta masafi. Bibi akaweka kijiko kwenye kikaango. Tulisubiri. Moshi mwembamba ukaanza kupanda, na hakuna hata tone lililoruka.

Alasiri tumechanganya nusu mafuta nusu dizeli kwenye tangi. Kijana akapiga hendeli, akaachia, na Lista ikashika kwa mlio wake uleule. Harufu ya moshi imebadilika. Wanaopita barabarani wanauliza nani anakaanga. Tumesaga magunia manne. Mjomba alisimama mlangoni muda wote ameweka mkono kwenye ukuta wa mbao, nadhani alikuwa anasikiliza mtikisiko.

12 Juni

Wiki tatu nzuri, kisha matatizo. Tangu Jumamosi mashine inawaka kwa shida, hendeli mara sita au saba, na moshi umekuwa mweusi. Nguvu imepungua, kinu kikijazwa mlio unazama. Leo nimefungua nozeli.

Nitaeleza nilichokiona. Ncha ya nozeli, ambayo inapaswa kuwa chuma kitupu chenye rangi ya kijivu, ilikuwa imeota ua. Masizi magumu yalikuwa yamejikunja kuizunguka, yamepanuka kwa nje kama mdomo wa tarumbeta, meusi tii, ukigusa kwa ukucha hayabanduki. Katikati ya ua hilo ndimo mafuta yalikuwa yakipenya. Fundi nozeli wa Korogwe ameipandisha kwenye mashine yake ya kupimia: badala ya kutoa ukungu, ilikuwa inakojoa uzi mmoja na matone mawili pembeni.

"Mafuta yako ni mazito," akasema fundi. "Nozeli hii imetengenezwa kwa dizeli. Haina habari kwamba umekausha maji."

Na ni kweli. Si uzito wa mizani, ni uzito wa kutiririka, kama uji: kwenye joto la nyuzi 40 mafuta ya kupikia ni mazito karibu mara 10 kuliko dizeli. Kuchanganya nusu kwa nusu kunasaidia lakini hakutoshi, hasa asubuhi ya baridi ya Juni. Matone makubwa hayaungui yakaisha. Yanagota kwenye chuma, yanaokwa, yanakuwa ua. Mengine yanapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Nimechomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili imepanda juu ya alama. Tumeimwaga yote, ingawa ilikuwa bado na mwezi mmoja wa kazi.

Gharama: kusafisha nozeli, oili mpya lita nne na nusu, nauli ya Korogwe. Nimelipa mimi, kama nilivyoahidi. Mpaka Idi tunarudi kwenye dizeli.

23 Juni

Mashine ilifungwa siku mbili za Idi el-Hajj, na nimezitumia. Kama Mombo jua ndilo lililotoa maji, hapa Soni joto la kulainisha mafuta litoke wapi? Limo kwenye pipa la maji la kupozea. Mashine ikisaga nusu saa, maji ya juu ya pipa lile yanafika nyuzi 75, hata 80, na joto hilo linapotea hewani bure.

Nimekunja bomba la shaba mita sita kama chemchemi, nimelizamisha sehemu ya juu ya pipa. Mafuta yanatoka tangini, yanazunguka ndani ya maji ya moto, yanapita kwenye filta, yanaingia pampu. Kutoka pipani hadi pampu nimezungushia bomba vipande vya blanketi la zamani. Watu wengine huzungusha bomba la mafuta kwenye bomba la moshi; mimi sikutaka, kwa sababu lile linaweza kupita nyuzi 300 na mafuta yakaungulia humohumo. Maji ya pipa lililo wazi hayapandi juu ya 100 hata ufanyeje.

Matangi sasa ni mawili, la dizeli dogo na la mafuta kubwa, na koki ya njia tatu katikati. Utaratibu nimeuandika kwa chaki ukutani: washa kwa dizeli, subiri dakika 20 mpaka pipa lisishikike kwa mkono, geuza koki, ukikaribia kufunga rudisha dizeli dakika 5, ili pampu na nozeli zilale na dizeli ndani. Hakuna tena kuchanganya.

6 Julai

Usiku umekuwa wa baridi kali. Asubuhi nimekuta dumu la mafuta masafi limeganda robo tatu, jeupe kama samli. Mafuta mengi ya vibanda vya Mombo ni ya mawese, na mawese huganda kirahisi. Chini kule yalikuwa yameyeyuka kabisa, kilomita 16 za kupanda zimeyageuza.

Wazo la mjomba lilikuwa kuchanganya mafuta ya taa. Lakini tangu serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili watu waache kuchakachua dizeli, bei yake haina nafuu yoyote. Wazo langu lilikuwa kutafuta mafuta ya alizeti, ambayo hayagandi kwa baridi yetu. Nikakumbuka kwamba alizeti ina ubaya wake, ikishuka kwenye oili ya injini inageuka utando na gundi haraka kuliko mawese. Mawese yanaganda lakini yanayeyuka, gundi haiyeyuki. Nimebaki na mawese.

Dawa imekuwa nyepesi. Tangi la mafuta nimelishusha kutoka ukutani, nikaliegemeza kwenye pipa la maji, nikayafunga yote mawili kwa gunia. Dakika 20 za dizeli za asubuhi zimekuwa 35 kwa msimu huu wa baridi. Sawa.

20 Julai

Nimefungua nozeli baada ya saa 48 za mafuta ya moto. Ncha ina masizi laini, yanafutika kwa kitambaa, hakuna ua. Dipstiki iko kwenye alama yake. Hata hivyo nimekubaliana na mjomba kwamba oili tutabadilisha kila saa 100 badala ya 200, na nozeli tutaifungua kila mwezi hata kama hailalamiki.

Vijana wawili wa Lushoto mjini walipita kuangalia. Walitaka kujua kwa nini sitengenezi biodizeli kamili, yaani mafuta yaliyogeuzwa kwa kemikali yakawa mepesi, ambayo haihitaji kupashwa moto. Naijua njia yake: methanoli, aina ya spiriti, robo hivi ya mafuta au pungufu, kostiki kiasi kulingana na uchachu, nyuzi 55, kukoroga, kutenga gliserini, kuosha. Lakini methanoli ni sumu inayopofusha macho, inapenya hata kwenye ngozi, na moto wake mchana hauonekani. Baada ya tarehe 27 Aprili sitaki kitu cha namna hiyo karibu na kibanda ambacho watoto wanakuja na ndoo za mahindi. Kwa injini ndogo ya kasi, ya gari, ningefikiria vingine. Lista ni ya taratibu, ina uvumilivu ndani yake, acha tuitumie hivyo ilivyo.

17 Agosti

Bomba la shaba limenipa somo jingine. Nimelifungua kulisafisha, ndani kuna ute wa kijani. Shaba huharakisha mafuta kugeuka gundi, jambo hili nilipaswa kulijua mapema. Nimelibadilisha na bomba la chuma. Limekuwa gumu kukunja, fundi wa kuchomelea amelikata vipande na kuunganisha viwiko. Si zuri kutazama, halivuji.

14 Septemba

Hesabu kama ilivyo. Mafuta yanaliwa lita 2 kwa saa, zaidi kidogo ya dizeli. Lita moja safi, ukijumlisha bei ya dumu, nauli ya Fuso na yanayopotea kwenye mashapo, inatugharimu karibu shilingi 970. Tofauti na dizeli ni zaidi ya 2,000 kwa kila lita. Shida ni upatikanaji. Mombo napata madumu sita kwa mwezi, mengine yanakwenda kwenye sabuni, na bado yapo yanayokwenda kukaangiwa tena. Madumu sita yanatupa lita 100 hivi, siku 11 za kusaga. Siku nyingine ni dizeli kama zamani.

Mjomba ameshusha bei ya debe kwa siku za mafuta, Jumanne, Alhamisi na nusu ya Jumamosi. Hakuniuliza, ameandika tu kwa chaki ile ile chini ya utaratibu wangu. Alhamisi hii foleni ilifika barabarani. Yule mama wa sado mbili alikuwa wa nne, ana debe limejaa, na juu yake ameweka mfuko wa ulezi wa uji.

Nimezungumza na vibanda vitatu vya Korogwe stendi. Kimoja kimekubali, kuanzia Oktoba. Pipa la tatu nimeshalipaka rangi.